Naomba ushauri: je, sauna inamfaa mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu?

Nahodha Mstaafu:

Habari zenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 52, na kwa miaka 6 sasa natumia dawa mbili za kushusha shinikizo la damu, mojawapo ikiwa ile inayoongeza mkojo. Shinikizo langu limetulia, na kwa kuwa daktari amekuwa akinihimiza nifanye mazoezi, miezi mitatu iliyopita nilijiunga na kituo cha mazoezi. Humo kuna chumba cha sauna, na kila tunapomaliza mazoezi wenzangu hunivuta niingie pamoja nao. Mwalimu wetu anasema kwamba sauna huondoa sumu mwilini, huyeyusha mafuta ya tumbo, na kwamba nikiizoea nitaachana na vidonge. Mke wangu naye ameniambia waziwazi kwamba mtu mwenye presha kujifungia kwenye joto la nyuzi 90 ni kumtafuta Israili kwa tochi. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: manufaa yapi ni ya kweli, na je, mtu wa hali yangu anaweza kuingia bila kujidhuru? Ningependa anijibu mwenye taaluma au uzoefu, maana wenye sauti kubwa nimekwisha kuwasikiliza vya kutosha.

Muuguzi wa Zamu:

Ndugu Nahodha, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuingia. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha magonjwa ya moyo, na nitaanza na kile kinachotokea mwilini, kwa sababu ukikielewa hicho maswali yako yote mawili yatakuwa yamejibiwa nusu.

Sauna ya Kifini ni chumba cha hewa kavu chenye joto la nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, tofauti na chumba cha mvuke ambacho joto lake ni la chini zaidi lakini hewa yake imejaa unyevu. Ukikaa humo kwa dakika chache ngozi hufikia nyuzi 40 hivi, na mwili, ili ujipoze, hutanua mishipa midogo iliyo chini ya ngozi na kuipeleka damu nyingi huko. Moyo nao hulazimika kuongeza kasi, mara nyingi hadi mapigo 100 kwa dakika, na kwa wengine hadi 150, yaani kazi inayofanana na ya mtu anayetembea kwa haraka, ingawa misuli yake imetulia kwenye benchi. Inadhaniwa kwamba kutanuka huko kwa mishipa, kukirudiwa kwa miezi na miaka, huisaidia isikakamae. Unapotoka nje, shinikizo la damu hushuka kwa muda.

Kushuka huko ndiko kunakokufaa, na ndiko hasa unakopaswa kuchunga. Mtu anaweza kupoteza takriban nusu kilo ya jasho kwa mara moja. Ukijumlisha na dawa inayokupunguzia maji mwilini, pamoja na nyingine inayoshusha shinikizo, ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Wasioruhusiwa kabisa ni wenye maumivu ya kifua yasiyotabirika, waliopata mshtuko wa moyo hivi karibuni, na wale ambao vali kuu ya moyo imebana sana. Kwa maelezo yako wewe si mmoja wao, lakini mimi sijakupima, kwa hiyo mwulize daktari wako, na umtajie dawa zote mbili kwa majina. Vidonge usiviache kwa ushauri wa mtu yeyote asiyekuandikia.

Hesabu Kwanza:

Niongezee upande wa tafiti, kwa sababu takwimu za sauna husambazwa mitandaoni bila maelezo yake. Chanzo kikuu ni kundi la wanaume 2,315 wa eneo la Kuopio, mashariki mwa Ufini, waliokuwa na umri wa miaka 42 hadi 60 walipoandikishwa katika miaka ya 1980, na wakafuatiliwa kwa takriban miaka 20. Mwaka 2015 Jari Laukkanen na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la JAMA Internal Medicine: walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya kifo cha ghafla cha moyo iliyo chini kwa asilimia 63, na hatari ya kifo cha sababu yoyote iliyo chini kwa asilimia 40, wakilinganishwa na walioingia mara moja tu kwa wiki. Ni takwimu nzito, na watafiti walizingatia pia uvutaji wa sigara, mazoezi na mambo mengine ya namna hiyo.

Hata hivyo, angalia ni nani aliyelinganishwa na nani. Ufini ina watu wapatao milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kufikia milioni 3, kwa hiyo karibu kila mtu huingia, na kundi la wasioingia kabisa halikuwepo la kulinganishwa. Isitoshe, huo ulikuwa utafiti wa kuangalia na kuhesabu, haukuwa wa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, hawa waingie sauna na wale wasiingie. Mtu ambaye tayari afya yake imezorota hawezi kwenda sauna mara tano kwa wiki, hukaa nyumbani, na hilo peke yake linaweza kuwafanya waendao mara nyingi waonekane wenye bahati kuliko sauna yenyewe inavyostahili kusifiwa.

Jambo linalokuhusu zaidi wewe ni uchambuzi wa mwaka 2017 juu ya wanaume 1,621 wa kundi hilohilo, ulioonyesha kwamba waingiao mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya kupata shinikizo la juu la damu iliyo chini kwa asilimia 46. Naomba usome neno “kupata” mara mbili. Wanaume hao walianza wakiwa hawana ugonjwa huo. Kutoka hapo hadi kusema kwamba sauna itamponya aliye nao tayari na kumwondolea vidonge ni mruko mkubwa, na huo ndio mruko aliouruka mwalimu wako.

Kuhusu sumu, jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa sana. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo. Kuhusu tumbo, kilo unayoipoteza sauna huirudisha kwa bilauri chache za maji, na unapaswa kuirudisha.

Ukungu wa Asubuhi:

Mimi sina taaluma, nina miaka 11 ya kuingia sauna na kovu moja juu ya nyusi. Kovu hilo nililipata mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu vijana wawili walikuwa wamekaa benchi la juu nami sikutaka kuwa wa kwanza kutoka. Nilipoinuka nilizimia na kugonga pembe ya mlango. Heinola, nchini Ufini, yalikuwa yakifanyika mashindano ya dunia ya kustahimili sauna tangu mwaka 1999, kwenye joto la nyuzi 110. Mwaka 2010 mmoja wa wawili waliofika fainali alifariki, na mashindano hayo hayajafanyika tena. Nayataja kwa sababu shindano la namna hiyo hufanyika kimyakimya katika kila sauna yenye wanaume zaidi ya watatu.

Kaa benchi la chini, kwani joto hupanda na kule juu ni ulimwengu mwingine. Anza na dakika 5, usizidi 10 kwa wiki za mwanzo. Kabla ya kusimama, kaa wima miguu ikiwa sakafuni kwa dakika moja au mbili. Usiingie ukiwa umekunywa pombe, wala usiingie peke yako. Na ukitoka usikimbilie maji ya barafu, hata kama wenzako hufanya hivyo kwa mbwembwe; baridi ya ghafla hukaza mishipa na kupandisha shinikizo kwa kishindo.

Binti Makini:

Samahani kwa kuuliza ndani ya uzi wa mwenzangu. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, naye huingia sauna mara nne kwa wiki. Je, kuna tatizo?

Muuguzi wa Zamu:

Dada, lipo la kuzingatia. Korodani huhitaji ubaridi kidogo kuliko mwili wote, na utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wanaume 10, ulionyesha kwamba mbegu zilipungua baada ya miezi mitatu ya kuingia mara mbili kwa wiki, kisha zikarejea katika hali ya kawaida miezi sita baada ya kuacha. Mume wako apumzike kwa sasa. Nawe, ukihisi umeshika mimba, kaa mbali na joto kali, hasa katika wiki za mwanzo ambapo uti wa mgongo wa mtoto unaundwa.

Nahodha Mstaafu:

Nawashukuru nyote. Nimerudi baada ya siku tisa kwa kuwa nilisubiri miadi. Daktari alinipima shinikizo nikiwa nimelala, kisha nikiwa nimesimama, akaona tofauti ni ndogo. Ameniruhusu mara mbili kwa wiki, kwa sharti kwamba nipumzike na kunywa maji kwanza baada ya mazoezi, na kwamba siku nikiharisha au nikiwa na homa nisiingie kabisa. Vidonge vinaendelea kama kawaida. Nimemweleza hayo mwalimu wa mazoezi, naye amenisikiliza kwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua kutokubali.

Jana nilikaa dakika nane kwenye benchi la chini, mke wangu akiwa nje ya mlango na saa mkononi. Ilipofika ya saba alianza kugonga.