Msimu wenye viporo: shabiki wa televisheni aufuate vipi?

Shabiki wa Kihonda:

Wakuu, salaam. Mimi ni Mwananchi, yaani Yanga, ninayeishi Morogoro, na ligi yetu nimeifuata kwa televisheni kwa miaka mingi, kwa sababu nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, pamoja na kiingilio na chakula cha njiani, si jambo la kila wiki kwa mtu mwenye watoto wanaosoma. Mwezi Machi 2025 nililipia kifurushi cha mwezi mzima kwa ajili ya mchezo mmoja tu, dabi ya Kariakoo, yaani Yanga na Simba, ya tarehe 8. Nikanunua kilo moja na nusu ya nyama, jirani yangu Mnyama, yaani shabiki wa Simba, akaleta soda, na siku hiyohiyo tukasikia kwamba mchezo umeahirishwa. Nyama tuliila tukitazama wachambuzi wakibishana kuhusu kanuni.

Tangu hapo kuna jambo linanisumbua zaidi ya fedha. Ninapofungua msimamo wa ligi katikati ya msimu, timu moja imecheza michezo 24, nyingine 22, nyingine 21, kwa sababu ya viporo, yaani michezo iliyoahirishwa, na sielewi tena nani yuko mbele. Je, ninyi mnaofuata ligi kwa kioo mnausomaje msimamo wa namna hiyo, na je, kuna maana ya kulipia kila mwezi wakati ratiba inaweza kupanguliwa wakati wowote?

Mzee wa Daftari:

Ndugu yangu wa Kihonda, pole kwa soda na nyama, ingawa mimi ni Mnyama na jioni ile sikuwa na hamu ya kula chochote.

Kuhusu msimamo, acha kuhesabu pointi zilizopatikana, hesabu zilizopotezwa. Ligi Kuu ya timu 16 ina michezo 30 kwa kila timu, kwa hiyo anayeshinda yote anafikisha pointi 90. Tuseme timu ya kwanza ina pointi 61 baada ya michezo 24: ingeweza kuwa na 72, kwa hiyo imepoteza 11. Ya pili ina pointi 57 baada ya michezo 22: ingeweza kuwa na 66, kwa hiyo imepoteza 9 tu. Msimamo unasema ya kwanza inaongoza kwa pointi nne, lakini daftari linasema ya pili ndiyo iliyoshika hatima yake mkononi. Mimi nina daftari la mistari ambalo kila timu ina ukurasa wake, na kila sare naiandikia mbili, kila kipigo tatu, kwa kalamu nyekundu. Mjukuu wangu hunicheka kwamba simu inafanya kazi hiyo, lakini simu hainionyeshi timu inavyovuja kidogokidogo.

Hata hivyo, usikihesabu kiporo kama pointi tatu zilizokwisha kuingia, kwa sababu kiporo mara nyingi huliwa na timu iliyochoka. Viporo vingi vinatokana na mashindano ya Afrika. Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025 dhidi ya RS Berkane ya Morocco, na mkondo wa pili ukachezwa Amaan, Zanzibar, michezo ya ndani ilibidi isubiri, kisha ikachezwa kwa kubanana, siku chache baina ya mmoja na mwingine.

Na dabi yenyewe uliyoililia ilichezwa tarehe 25 Juni. Yanga waliingia na pointi 79, Simba 78, kila mmoja akiwa amebakiwa na mchezo huo mmoja. Kwa hesabu ya daftari, Yanga walikuwa wamepoteza 8 na sisi 9, kwa hiyo sare iliwatosha wao na haikututosha sisi. Wakashinda 2–0, wakamaliza na 82. Kama ungechezwa Machi, ungekuwa mchezo mkubwa wa katikati ya safari. Kuahirishwa ndiko kulikoufanya uwe wa kutoa kombe. Nasema hivi kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 8 Mei 2021 dabi ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku ya mchezo wenyewe, Yanga wakashikilia muda wa awali, na watu waliokwisha kukaa jukwaani wakarudi nyumbani bila kuona mpira. Ilichezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1–0, ingawa ubingwa wa msimu ule ulikuwa wetu.

Mkaazi wa Kirumba:

Mzee wa Daftari amemaliza hesabu, mimi nitaongezea juu ya kioo. Mimi ni mtu wa kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kutazamia mpira kwa kiingilio. Mwaka 2020, ligi iliposimamishwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, kibanda chetu kilifungwa, na ubao wa nje ukabaki na mchezo wa mwisho ulioandikwa kwa chaki hadi mvua ikaufuta. Mpira mkubwa wa kwanza kurudi kwenye kioo ulikuwa wa Ujerumani, tarehe 16 Mei, Dortmund na Schalke katika uwanja usio na watu. Niliutazama kwa rafiki yangu. Nilisikia teke la mpira, nikamsikia kocha akifoka, nikatambua kwamba miaka yote nilikuwa nikitazama kelele za watu kuliko mchezo. Ligi yetu ilirudi tarehe 13 Juni, na nilifurahia hata sare ya bila magoli.

Jambo jingine: zipo ligi ambazo hesabu zozote za daftari zisingezisaidia. Uholanzi walifuta msimu huo Ajax na AZ wakiwa na pointi 56 kila mmoja, na hakuna aliyepewa ubingwa. Ufaransa walikata msimu hapohapo na kuwapa PSG kombe. Sisi tulirudi uwanjani na kumaliza. Kwa hiyo, ndugu wa Kihonda, kiporo kinaudhi, lakini angalau ni ahadi kwamba mchezo utachezwa.

Kuhusu malipo, mkataba wa Mei 2021 baina ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na Azam Media, kampuni inayorusha michezo ya ligi, ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na ndiyo sababu leo unaweza kuona hata mchezo wa Jumatano mchana wa timu mbili zinazopigania kutoshuka daraja. Ukilipia kwa ajili ya dabi peke yake utaumia kila mara, ila ukilipia ili uione ligi, dabi ikiahirishwa bado utakuwa na cha kutazama. Tahadhari moja: jirani akiwa na redio, funga dirisha. Kwetu redio hupiga kelele za goli kabla mpigaji hajaukaribia mpira kwenye kioo.

Dada wa Likoni:

Natoa mchango mfupi kutoka Mombasa. Ninyi mnalalamikia ratiba, lakini sisi Kenya tumewahi kukosa kioo chenyewe. Mwaka 2017 SuperSport, televisheni iliyokuwa ikirusha michezo, ilijiondoa katika ligi yetu baada ya mvutano kuhusu kuongezwa kwa timu hadi 18, nasi tuliozoea kuiona Bandari sebuleni tukarudi kwenye redio na kuulizana matokeo kwa simu. Kisha mwaka 2020 msimu ulikatizwa, Gor Mahia wakatangazwa mabingwa michezo ikiwa bado imebaki. Simpingi Gor, walikuwa wanaongoza. Ninachosema ni kwamba bingwa niliyemsoma kwenye taarifa si sawa na bingwa niliyemwona akipiga mpira wa mwisho. Kaka, kama una kioo na mchezo utachezwa, hata ukiwa wa Juni, usubiri.

Shabiki wa Kihonda:

Nawashukuru wote. Mzee wangu, nimenunua daftari, na jirani yangu ametaka awe na kalamu yake nyekundu kwa sababu haniamini nikiandika kurasa za Simba. Kuhusu kifurushi, nimeuliza dukani nikaambiwa kuna cha wiki, kwa hiyo nitakuwa nalipia wiki ambazo timu yangu inacheza mara mbili, ambazo kwa kawaida ndizo wiki za viporo. Dada wa Likoni, dabi ya Juni niliiona yote. Nyama safari hiyo niliinunua baada ya kuwaona wachezaji wakitoka kwenye basi.