Naomba ushauri: kusoma usugu wa dawa moja kwa moja kutoka chupa ya damu

Wadau wa maabara, wakubwa shikamooni. Nipo hospitali ya mkoa. Kilio chetu ni muda. Chupa ya damu ya kichanga ikionyesha kuna bakteria, tunaotesha upya kwenye sahani, kesho yake tunapanga vidisiki vya dawa, majibu keshokutwa. Juzi nilipeleka karatasi wodini nikakuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi. Nesi aliipokea bila neno.

Nataka kujaribu njia ya haraka ya EUCAST (kamati ya Ulaya ya viwango vya kupima usugu wa dawa): mikrolita 125 kutoka kwenye chupa, unasambaza juu ya sahani ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria), unaweka vidisiki, unapima duara lisiloota bakteria kuzunguka kila kidisiki baada ya saa 4, 6 au 8. Haidai mashine mpya, ndiyo maana imenivutia.

Kwa waliokwisha kuitumia: baada ya saa 4 duara za bakteria aina ya Klebsiella zinasomeka kweli, au ni ukungu tu? Tena viwango vyake vya kusoma duara hutofautiana kwa saa na kwa aina ya bakteria, na sisi kutambua aina ya bakteria tunatumia vipimo vya kemia, yaani jibu ni kesho. Mnafanyaje hapo? Halafu usiku nipo peke yangu, na damu za kuongezea wagonjwa ni juu yangu pia. Mmepangaje zamu?