Mjadala: Mkandarasi wa intaneti ya vijijini alipwe kabla hajaonyesha mpango wa usalama wa mtandao?

Mwana wa Ukerewe: Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na sisi wa visiwani tulifurahi kweli. Swali langu ni hili: je, anayejenga kwa ruzuku ya Serikali alipwe kabla hajaonyesha kwa maandishi jinsi atakavyolinda mitambo na taarifa za wateja? Marekani, kupitia sheria ya miundombinu ya mwaka 2021, ilitenga dola bilioni 42.45 kwa ajili ya intaneti ya kasi, na masharti yake yanamtaka mpokeaji awe na mpango wa kudhibiti hatari za mtandaoni, pamoja na mwingine unaohusu usalama wa vifaa na wanaoviuza, kabla ya kugawiwa fedha. Naona sharti kama hilo liingie katika zabuni zetu.

Mzawa wa Magu: Masharti ndiyo yanayotuchelewesha kila siku. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na mwizi akikamatwa atashtakiwa kwayo. Isitoshe, tuseme ukweli: mvuvi na mama muuza dagaa wana nini cha kuibiwa mtandaoni?

Binti Kirumba: Nimesoma hoja yako yote, kaka, lakini sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichoma. Mama yangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, wateja wake wanatoka mpaka Kongo, na mtaji wake wote unapita katika simu. Alikuwa akisubiri namba ya msafirishaji ulipoingia ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", akatuma nauli ya magunia. Tulipotoa taarifa kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, fedha zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Mtu wa namna hiyo unasemaje hana cha kuibiwa?

Mzawa wa Magu: Mpe pole mama. Hata hivyo, huo ni utapeli wa ujumbe mfupi, na mpango wa mkandarasi, hata ungekuwa na kurasa mia, usingeuzuia.

Fundi Nguzo: Kwa ujumbe mfupi uko sahihi, lakini mada ni intaneti. Nimefunga ruta, yaani vifaa vya kusambaza intaneti, katika shule na zahanati, na ninachokikuta ni hiki: nywila ya kiwandani imebandikwa chini ya kifaa na haijawahi kubadilishwa. Mwanafunzi yeyote aliyeunganishwa anaweza kufungua ukurasa wa mipangilio, akaelekeza anwani za tovuti wanazoandika watumiaji kwenye seva (kompyuta ya mbali) anayoitaka yeye, na anayeandika anwani ya benki akapelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Kivinjari kitatoa onyo, lakini asiyelielewa ataendelea mbele. Kibaya zaidi ni ile akaunti ya mkandarasi ya kuingilia mitambo kutoka mbali, ambayo hubaki wazi baada ya makabidhiano. Kampuni moja, ambayo siitaji, ilimwachisha kazi kijana aliyekuwa na nywila hiyo, na aliendelea kuingia mpaka sisi tulipoifunga.

Mwalimu wa Sengerema: Tena sheria ya 2015 humshughulikia mkosaji baada ya kosa. Ile inayombana mwenye kukusanya taarifa ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Walimu tulipewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, na vingine sasa vina majina na alama za wanafunzi wetu. Zikivuja, nani atamjibu mzazi?

Mzawa wa Magu: Mwalimu, sheria naijua. Ninachokataa ni kufanywa mtu anayedharau wavuvi, wakati baba yangu aliishi kwa nyavu. Mkiweka mipango hii, kampuni ndogo za hapa Mwanza zitashindwa kuiandaa na kazi zote zitachukuliwa na kampuni kubwa.

Binti Kirumba: Kama baba yako aliishi kwa nyavu, basi ungejua kwamba fedha ya mvuvi haina akiba ya kuifidia.

Mwana wa Ukerewe: Tusipelekane huko, jamani. Mpango wa kampuni ndogo unaweza kuwa wa kurasa chache tu: nani ana nywila, zinabadilishwa lini, programu za mitambo zinasasishwa na nani, na tukidukuliwa usiku tumpigie nani.

Mwalimu wa Sengerema: Na nani atakayeusoma? Mpango usiokaguliwa ni karatasi tu.

Fundi Nguzo: TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ina kitengo cha kushughulikia mashambulizi ya kompyuta na mitandao, TZ-CERT. Kitengo hicho kitoe fomu moja ya nchi nzima, na siku ya makabidhiano ofisa TEHAMA wa halmashauri asitie saini mpaka nywila zote zibadilishwe mbele yake na akaunti za wajenzi zifutwe.

Binti Kirumba: Siku hiyo awepo na mwakilishi wa watumiaji, kwa sababu hakuna aliyewahi kutueleza mnara wetu unasimamiwa na nani.

Mzawa wa Magu: La makabidhiano nalikubali bila shida. Lakini bado napinga kuzuia malipo ya awali, kwa kuwa mkandarasi mdogo hununua nondo na saruji kwa fedha hiyohiyo.