Boga la kienyeji, batanati na zukini jirani: mbegu zitachanganyika?

Moro_Bustani: Habari za jioni wakuu. Nina boga la kienyeji, la kijani lenye mabaka, likikomaa linageuka rangi ya udongo. Tamu mno kwa nazi. Mbegu ni za bibi, sitaki zipotee. Pembeni nimepanda batanati (boga lenye umbo la chupa), na jirani ana zukini (boga dogo refu linaloliwa changa kama tango). Ananitisha kwamba maboga yangu yatakuwa na ladha ya zukini, eti hata mung'unye na tikiti huchanganyika nayo. Nisaidieni, maua yameanza.

Kaka Mkulima: Boga utakalokula msimu huu halibadiliki. Nyama yake ni ya mmea mama, chavua ya kigeni inaathiri mbegu tu. Vituko utaviona ukizipanda mwakani.

Mzee wa Mbegu: Mung'unye na tikiti viondoe kichwani, ni jenasi nyingine, yaani kundi tofauti ndani ya familia ileile. Kwa maboga, tazama kikonyo. Kinene, cha mviringo, laini kidogo, chenye mipasuko: hiyo ni Cucurbita maxima (majina haya ni ya kisayansi). Kigumu, chenye pembe, kinatanuka pale kinaposhika boga: Cucurbita moschata, ndiko batanati iliko. Chenye pembe kali na vimiiba: Cucurbita pepo, ndiko zukini iliko. Maboga ya aina moja huchanganyika kirahisi sana, ya aina tofauti ni kwa nadra. Wajapani walichanganya maxima na moschata makusudi wakapata boga chotara liitwalo Tetsukabuto, ila chavua yake haifai kitu. Chako kikoje?

Moro_Bustani: Nimetoka kumulika na tochi. Kigumu, hakina miiba, kimetanuka chini.

Mzee wa Mbegu: Basi ni moschata. Jirani mwache na zukini zake, mbaya wako ni batanati yako mwenyewe! Kutenganisha kwa umbali huwezi, nyuki huenda hata zaidi ya kilomita. Chavusha kwa mkono. Jioni tafuta ua jike, lile lenye kiboga kidogo chini yake, ambalo ncha imeanza kuwa njano lakini halijafunguka. Tafuta na madume mawili, ikiwezekana ya mche mwingine wa boga hilohilo. Yote yafunge midomo kwa uzi. Kesho yake saa 12 au saa 1 asubuhi chuma madume, yachane petali, pakaza chavua katikati ya jike, kisha lifunge tena. Weka kitambaa kwenye kikonyo usije ukalipika. Ukichelewa hadi saa 5, maua yameshanyauka.

Dada Mboga: Nyongeza kwa wenye zukini: zikichanganyika na vile viboga vya mapambo, mbegu zake zinaweza kuzaa tunda chungu kama shubiri. Hiyo ni sumu, na kupika hakuiondoi. Ukionja chungu, tema, tupa sufuria yote.

Moro_Bustani: Asanteni sana. Na majani je? Tunachuma mboga humo humo.

Dada Mboga: Chumeni, ila mche wa mbegu uacheni.