Stempu za Marekani: nizipange kwa mwaka wa tukio au mwaka wa kutolewa?

Mwalimu_Langoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Chama cha historia cha shule, hapa Lamu, kimepewa kopo la stempu za Marekani, kama mia mbili hivi, bila albamu wala maelezo. Nyingine zingali kwenye vipande vya bahasha, nyingine ni mpya ila zimegandana kwa unyevu. Nimemwona Columbus wa senti 2, Booker T. Washington wa senti 10, Harriet Tubman wa senti 13, na marais chungu nzima. Nina mbao mbili za maonyesho. Nifuate mwaka wa tukio au wa stempu kutolewa? Na zilizogandana nizitenganisheje zisichanike?

Bahasha_Kuukuu
Waaleikum salaam mwalimu. Fuata mwaka wa tukio, lakini chini ya kila stempu andika miaka yote miwili. Kilichotokea vijana watakipata kitabuni. Stempu inawaonyesha serikali iliona lini kwamba kinafaa kukumbukwa, na hapo ndipo penye maneno.

Anza na huyo Columbus. Ni wa seti ya stempu 16 za 1893, za kwanza za kumbukumbu nchini Marekani, zilizotolewa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago. Pembeni juu pameandikwa 1492 na 1892, ilhali zilianza kuuzwa Januari 1893, basi mwaka uliochapwa usiwahadae. Mkiipata ya senti 1 iwekeni kando yake: humo Columbus anaiona nchi kavu kwa mbali, kidevu hakina ndevu, kwenye ya senti 2 anashuka pwani na ndevu zake. Waulize ziliota usiku mmoja? (Mfano wa kwetu hauko mbali: da Gama alitia nanga Malindi 1498, miaka sita tu baadaye.) Utajiri msiutarajie, ya senti 2 ilichapwa zaidi ya bilioni 1.4.

Booker T. alizaliwa utumwani, akafariki 1915. Stempu yake ni ya 1940, naye ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye stempu ya nchi yake. Tubman alifariki 1913 akangoja hadi 1978. Kati yao tafuteni ya senti 5 yenye mnyororo uliokatika: inakumbuka tangazo la Lincoln la 1863 la kuwaachia huru watumwa, mchoraji wake ni Georg Olden, mtu mweusi wa kwanza kubuni stempu ya Marekani, na ilitoka Agosti 1963, mwezi uleule wa maandamano makubwa ya kudai haki za watu weusi jijini Washington. Hiyo peke yake ni kipindi kizima cha darasa.

Senti_Tatu
Naongezea kuhusu marais. Kama ni vichwa vya rangi moja, vya wima, huenda ni seti ya 1938. Hizo ni stempu za kawaida, si za kumbukumbu, lakini msizitupe: kuanzia senti 1 hadi 22 thamani ndiyo namba ya rais. Senti 1 Washington, senti 16 Lincoln, senti 22 Cleveland. Ziwekeni chini ya ubao kama rula ya miaka. Nusu senti ni Franklin na senti 1 na nusu ni Martha Washington. Hao hawakuwa marais.

Isiyo na mwaka, angalieni nauli ya barua ya kawaida ya wakati huo: senti 3 tangu 1932 hadi 1958, 4 hadi 1963, 5 hadi mwanzo wa 1968, 6 hadi 1971, 8 hadi 1974, 10 hadi mwisho wa 1975, 13 hadi 1978, kisha 15 hadi 1981. Za barua za ndege, na seti zenye stempu za thamani mbalimbali kama ile ya Booker T., hazifuati hesabu hii. Muhuri wa posta nao unaonyesha siku barua ilipopita tu. Stempu yenyewe yaweza kuwa ya zamani zaidi.

Kusi_na_Kaskazi
Zilizo kwenye karatasi: kata bahasha ukiacha nafasi kuzunguka stempu, loweka dakika 15 hadi 20 katika maji ya baridi. Tumia ya mvua au ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvi yataacha chumvi kwenye karatasi, nayo huvuta unyevu, kuvu ikafuata. Bahasha za rangi, hasa nyekundu, zilowekwe peke yake kwa sababu zinachuja. Stempu iteleze yenyewe. Ikikataa, iongezee muda, usiivute. Suuza gundi, laza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na ikikaribia kukauka ikandamize kitabuni usiku mmoja.

Zile mpya usizitie majini, gundi itatoka. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, weka sifongo chenye maji chini, wavu juu yake, stempu juu ya wavu, funika. Chungulia kila baada ya saa moja au mbili. Zikilegea zitenganishe kwa kibano, upande wa gundi uangalie juu hadi ukauke.

Mwalimu_Langoni
Shukrani sana. Kuna chache za miaka ya karibuni, zimekaa majini saa nzima hazijabanduka.

Kusi_na_Kaskazi
Hizo ni za kujibandika. Nyingi za baada ya 2004 hazina utando unaoyeyuka majini, na ukizilazimisha uso unachunika. Zikaushe, zikate pamoja na bahasha ukiacha milimita 5 kila upande, uziweke ubaoni kwa pembe za kubandikia picha. Selotepu isiguse stempu yoyote, na ubao usielekee dirisha lenye jua.