Re: Mwaka mpya wa Kichina, na binti yangu wa mwaka wa Farasi

Habari zenu ndugu zangu. Mwenye nyumba wetu hapa Guangzhou ametualika chakula cha mkesha, tarehe 16 Februari. Kamuuliza binti yangu kazaliwa lini, tukamwambia Machi 2014, akasema ni Farasi wa Mti, basi mwaka huu avae nyekundu. Ana maana gani? Na niende na nini mkononi?
Mama Binti

Shikamoo dada. Kwanza, mwaliko wa mkesha ni heshima kubwa, usiukose.

Kila mwaka wa Kichina una mnyama wake; wanyama ni kumi na wawili, na juu yao kuna asili tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Kila moja huilea inayofuata: mti huwasha moto, moto huacha majivu, yaani udongo, udongo huzaa madini, na kuendelea hadi maji yanayoulisha mti. Kila asili hushika miaka miwili, kwa hiyo tazama tarakimu ya mwisho: 4 na 5 ni mti, 6 na 7 moto, 8 na 9 udongo, 0 na 1 chuma, 2 na 3 maji. Mnyama na asili yake hurudi pamoja baada ya miaka 60. Ila mwaka hauanzi Januari mosi. Aliyezaliwa tarehe 10 Januari 1990 bado ni Nyoka wa Udongo, maana mwaka mpya uliingia tarehe 27.

Mwaka huu wa 2026 ni Farasi wa Moto. Mnyama wa mtu akirudi, kwao ni mwaka wa kujihadhari, ndiyo maana ya nyekundu: soksi au mkanda vinatosha. Akitokea wa kumtisha binti, mkatalie. Japani mwaka 1966 uzazi ulipungua kwa kama robo, kwa kuogopa tu kupata mabinti wa Farasi wa Moto. Mtoto asibebeshwe mzigo huo.

Peleka machungwa au chai nzuri. Saa ya ukutani usipeleke, inawakumbusha mazishi. Watoto wao wape bahasha nyekundu. Hapa mkoani Guangdong hata yuan 10 zinapokelewa kwa furaha, ila kiasi chenye nne kiepuke. Noti ziwe mpya. Binti akipewa yake, apokee kwa mikono miwili, asiifungue hapo hapo.

Wasalaam, niongeze kwa wanaosubiri mizigo kutoka viwandani na wanaosafiri. Likizo rasmi ni tarehe 15 hadi 23 Februari, lakini viwanda vingi hufunga mapema, na vingine havichangamki hadi Sikukuu ya Taa, tarehe 3 Machi. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla; kaa na pasipoti mkononi. Na sisi tunaofunga tukumbuke: mwezi mwandamo ni ule ule. Mwaka wa Kichina unaingia tarehe 17 Februari, Ramadhani inafuata siku moja au mbili baadaye. Wenyeji wenu waambieni mapema, waweze kuwaalika jioni.