Naombeni ushauri: mama anaona mtoto amemtambua, muuguzi anasema bado

Mleta uzi
Ndugu wanajamvi, mdogo wangu alianguka na bodaboda bila helmeti, akaumia kichwa, na hii ni wiki ya tisa. Amekwisha kutoka wodi ya uangalizi maalumu, bado analishwa kwa mrija wa puani, lakini sasa anafumbua macho, na ukimpa mkono anaushika. Mama akishikwa hivyo hulia kwa furaha na kuwapigia simu ndugu wote. Juzi muuguzi alimwambia kwamba kushika huko bado si ishara, na kwamba "tumwombe Mungu", maneno ambayo kwetu husemwa pia mgonjwa anapokaribia kukata roho. Mama hakula siku nzima, na tangu hapo hamsemeshi yule muuguzi. Je, nimwache na matumaini yake, au nimweleze ukweli ambao hata mimi siujui?

Nesi Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Mwenzangu hakukosea katika jambo lenyewe, alikosea katika kauli. Kiganja kikiguswa, vidole vinaweza kujifunga vyenyewe kama vya mtoto mchanga, kwa hiyo kinachopimwa si kushika bali kuachia. Zimeni redio, mwambieni "achia", mpeni muda, kisha mrudie saa nyingine. Nafuu kubwa kwa kawaida huonekana katika miezi ya mwanzo, lakini haikomei hapo: mwaka 2018 mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani uliacha kuiita hali ya kutojitambua ya muda mrefu "ya kudumu", kwa sababu wapo wanaozinduka wakiwa wamechelewa. Wengi, hata hivyo, hawarudi kuwa kama walivyokuwa. Nasi wauguzi huogopa kutumaini kwa sauti, maana neno letu moja hugeuka ahadi. Lakini mtazameni huyo anayemgeuza mgonjwa wenu kila baada ya saa chache usiku kucha ili asipate vidonda vya kulalia. Angekuwa amemkatia tamaa, angemgeuza hivyo?

Mke wa Seremala
Mume wangu alipoanza kutukana na kuchomoa mirija, nilidhani amerukwa na akili, kumbe ni hatua ambayo wengi huipitia wanapozinduka. Leo anatembea, ingawa husahau kama amekula. Kilichotupatanisha na wauguzi ni daftari lililokaa chini ya mto: sisi tuliandika tulichokiona mchana, wao cha usiku.

Mpita Njia
Mama mzazi hapimi. Mwacheni.

Mleta uzi
Asanteni. Nimenunua daftari. Jana mama alisema "achia" mara nne, mkono ukabaki umefumba, naye akaniamuru niandike hivyo hivyo. Alfajiri nimekuta mstari chini yake kwa mwandiko wa muuguzi yule yule: "Saa 10 usiku, ameachia mara moja. Nitajaribu tena kesho, mama akiwepo."